Joto la Kuingia, Baridi ya Kutoka

Mjomba alinipigia simu saa mbili usiku, mwezi wa Februari, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kutotia wenzake wasiwasi. "Enjinia," akasema, "nina swali." Yeye ndiye aliyenipa jina hilo siku barua ya chuo ilipofika, na tangu hapo upande wa Kwale hakuna anayeniita kwa jina langu. Siku hiyo alikuwa amezamia mara nne kutafuta majongoo bahari, pima kumi na tano hivi, yaani kama mita 27. Mara ya nne alipanda mbio kwa sababu hewa ya mtungi ilikuwa inamwishia. Sasa ngozi ya tumbo ilikuwa inamwasha, mabega yanamuuma, na miguu anaisikia kama ya mtu mwingine.

"Nilipokuwa napanda nilisikia baridi sana," akasema. "Si ni baridi tu hii?"

Nikamwambia ni baridi. Ajifunike, akandwe kwa maji ya moto, alale. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Alichokuwa hajui, na hakuna mtu nyumbani aliyejua, ni kwamba nilikuwa nimeacha uhandisi wa mitambo miezi mitatu nyuma, na nilikuwa nimekaa kwenye bedsita Kahawa West nikiwaandikia watu makala za kulipwa kwa neno.

Kabla hajakata simu akanilalamikia jambo lingine, na hili alilisema kwa hasira kuliko miguu yake. Yule kijana wa kompresa, anayewajazia mitungi, alikuwa mwizi. Anakujazia mpaka geji isome 200 mbele ya macho yako, mtungi ukiwa moto haushikiki, halafu ukifika huko baharini unaangalia geji, 186. Mtungi hauvuji. Hakuna aliyeufungua. "Hewa inaenda wapi, Enjinia?"

Nikasema sijui, labda geji mbovu.

Ningeweza kumjibu. Jibu la swali la pili lipo kwenye kitabu cha fizikia cha Kidato cha Tatu, na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Jibu la kwanza limeandikwa kwa damu za watu waliojenga madaraja miaka 150 iliyopita. Haya mambo mawili, miguu ya Mjomba na wizi wa hewa, ni hadithi moja. Nilichelewa kuijua, na imenichukua miaka kuisoma vizuri, bila mhadhiri wala mtihani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukisema presha nyumbani kwetu, nyanya yangu anashika mkono wake na kukutajia vidonge vyake. Presha ninayoizungumzia hapa ni ile ya hewa: nguvu ambayo hewa inasukuma nayo kila kitu inachogusa. Hapa ulipokaa unasukumwa na hewa yenye presha ya kiasi ambacho wanasayansi wanakiita atmosfia moja. Ukizama majini, kila mita kumi zinakuongezea nyingine moja. Kwa hivyo pima kumi na tano za Mjomba ni karibu atmosfia 3.7.

Mwaka wa 1662 Robert Boyle, akiwa Oxford, alichapisha vipimo vya hewa iliyofungiwa kwenye bomba la kioo na kukandamizwa kwa zebaki. Ukiongeza presha mara mbili, hewa inajibana nusu. Kila mwanafunzi wa Kenya ameikariri hiyo. Kinachosahaulika ni masharti yake: joto libaki lile lile. Boyle huyo huyo alimweka nyoka kwenye chombo, akanyonya hewa, akaona kiputo kikitembea ndani ya jicho la yule nyoka. Hiyo ilichapishwa 1670. Yaani mtu wa kwanza kuona ugonjwa wa Mjomba aliuona kwenye jicho la nyoka, na kwa miaka 200 hakuna aliyejua aufanyie nini.

Wakati huo huo, daktari mmoja Mwingereza, Nathaniel Henshaw, aliandika mwaka 1664 kitabu akipendekeza chumba kisichopitisha hewa, chenye mifuo kama ile ya mhunzi, ambacho wagonjwa wangekaa ndani huku hewa ikiongezwa au kupunguzwa kulingana na ugonjwa. Sababu alizotoa hazina maana leo. Lakini wazo la kwamba chumba kinaweza kuwa dawa lilizaliwa pale, na limekuwa likitafuta ugonjwa wake tangu siku hiyo.

Anayejibu kesi ya wizi wa hewa ni Mfaransa anayeitwa Guillaume Amontons. Alikuwa kiziwi tangu ujana wake. Kati ya 1699 na 1702 alichukua hewa iliyofungiwa, isiyo na nafasi ya kupanuka, akaipasha moto mpaka kiwango cha maji yanayochemka, na akagundua kwamba presha inapanda kwa karibu theluthi moja. Haidhuru alianza na presha gani. Inapanda kwa uwiano ule ule. Kisha akafikiria kinyume chake: ukiendelea kupoza, mahali fulani huko chini presha itaisha kabisa. Karne moja baadaye, 1802, Joseph Louis Gay-Lussac alichapisha kazi yake juu ya gesi na joto, akakiri kwamba Jacques Charles alikuwa amefanya majaribio kama hayo kabla yake bila kuyachapisha. Ndiyo maana vitabu vingine vinamtaja huyu na vingine yule, na Amontons anabaki nje mlangoni.

Sasa chukua mtungi wa Mjomba. Kompresa inaubana, unapata moto, tuseme nyuzi 50. Geji inasema 200. Unapakiwa kwenye mashua, unapoa hadi nyuzi 27. Hesabu hii haitaki nyuzi za kawaida, inataka zinazohesabiwa kutoka pale chini kabisa alipopafikiria Amontons, ambapo leo tunajua ni nyuzi 273 chini ya sufuri. Kwa hivyo 50 inakuwa 323 na 27 inakuwa 300. Zidisha 200 kwa 300, gawa kwa 323. Unapata 186.

Hakuna aliyeiba. Hewa yote ilikuwa mle ndani.

Lakini mbona mtungi ulipata moto? Hapa ndipo wengi wetu darasani tulipotezwa, kwa sababu sheria zilifundishwa kama ndugu watatu wasiosalimiana. Ukweli ni kwamba presha, joto na ujazo wa hewa vinatembea pamoja, na kinachoamua nani anamvuta nani ni mwendo. Bana hewa polepole, joto linapata muda wa kutoroka kupitia kuta, na Boyle anakuwa sahihi. Bana haraka, joto linanaswa. Shika pampu ya baiskeli sehemu ya chini baada ya kujaza tairi, utaamini. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Inabana hewa kwa kasi kiasi kwamba mafuta yakinyunyizwa yanawaka yenyewe. Kila lori linalopanda Mlolongo usiku linafanya kazi kwa kanuni hiyo. Na kinyume chake pia: achilia hewa iliyobanwa, inapoa. Ndiyo maana dawa ya mbu ya kopo inakuachia kopo baridi mkononi, ingawa pale kuna mambo mengine pia.

Shika hilo la kuingia kwa joto na kutoka kwa baridi, kwa sababu ndilo lililowapoteza madaktari wa karne ya 19.

Mwaka wa 1841 mhandisi wa migodi huko Ufaransa, Jacques Triger, alieleza jinsi alivyochimba shimo la makaa kando ya mto Loire, mahali ambapo maji yalikuwa yanaingia kila wakichimba. Alisukuma hewa ndani ya bomba kubwa la chuma mpaka presha ikayazuia maji. Wafanyakazi waliingia kupitia kijumba kidogo chenye milango miwili: unaingia, mlango wa nje unafungwa, hewa inaongezwa, wa ndani unafunguka. Kutoka, kinyume chake. Wawili kati yao, baada ya kushinda mle saa saba, walitoka wakiwa wazima kisha wakashikwa na maumivu makali ya viungo. Wakasuguliwa kwa pombe kali. Ukiniuliza mimi, hapo Kwale tungetumia mafuta ya nazi, lakini wazo ni moja.

Mwaka 1854 madaktari wawili Wafaransa, Pol na Watelle, waliandika kuhusu mgodi mwingine na wakaona jambo ambalo lingeokoa mamia ya watu kama lingesikilizwa: hatari haiko kuingia, iko kutoka, na mgonjwa akirudishwa kwenye ile hewa iliyobanwa, maumivu yanapungua. Ugonjwa na tiba vyote viko kwenye ukurasa. Wachache walisoma.

Basi twende St. Louis, Marekani, kwenye mto Mississippi. James Eads alikuwa anajenga daraja la chuma, na nguzo zake zilipaswa kusimama juu ya mwamba chini ya matope ya mto. Alitumia kesoni, yaani sanduku kubwa lisilo na sakafu linalokalishwa chini ya mto, hewa ikisukumwa ndani ili maji yasiingie, watu wakichimba chini yake huku nguzo ikijengwa juu yake. Nguzo ya mashariki ilifika karibu mita 29 chini ya maji. Hesabu mwenyewe: ni pale pale alipokuwa Mjomba, pima moja zaidi.

Maisha mle ndani yalikuwa ya ajabu. Sauti za watu zilikuwa nyembamba. Kupiga mluzi hakuwezekani. Eads mwenyewe aliuzima mshumaa kwa kupuliza, ukawaka tena wenyewe, akauzima tena, ukawaka tena, mara kadhaa ndani ya nusu dakika, kwa sababu hewa iliyobanwa ina oksijeni nyingi zaidi kwa kila pumzi. Wageni walipelekwa kuonyeshwa. Na mwanzoni, kina kikiwa kifupi, wachimbaji walilichukulia jambo lote kama mchezo. Mmoja akianza kutembea amepinda kiuno kwa maumivu, wenzake walimcheka na kumfananisha na wanawake wa mjini waliokuwa wakitembea wameinama mbele kwa ajili ya fasheni ya gauni za wakati ule. Jina la Kiingereza la ugonjwa huu lilitokana na mzaha huo.

Machi 1870 mzaha uliisha. Mfanyakazi mmoja alitoka zamu, akasema anajisikia vizuri, na baada ya kama robo saa alianguka akafa. Wengine wakafuata. Kufikia mwisho zaidi ya watu kumi walikuwa wamekufa.

Sasa jiweke kwenye viatu vyao. Ukiingia kwenye kijumba cha milango miwili na hewa inaongezwa, joto linapanda mpaka unatoka jasho. Ukitoka, hewa inaachiliwa, halijoto inaanguka ghafla, ukungu unajaa kijumba kizima kiasi cha kutomwona mwenzako, na nguo zako zenye jasho zinakushika kama barafu. Kisha unapanda ngazi ndefu za kuzunguka kutoka chini ya mto hadi juu, kwa sababu Eads aliweka vijumba vyake huko chini. Nje ni baridi ya Machi ya St. Louis. Robo saa baadaye unaanguka.

Wewe ungelaumu nini? Presha haina hisia. Ukishazibua masikio, mwili hauisikii hata kidogo. Joto unalisikia. Baridi unaisikia. Uchovu wa ngazi unausikia. Kwa hivyo watu walilaumu walichokisikia. Wafanyakazi walianza kuvaa mikanda ya vipande vya zinki na fedha, vikipishana, kiunoni, mikononi na kwenye vifundo vya miguu, wakiamini vinatoa umeme wa kuwalinda. Nilipofika hapo niliweka simu chini nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka hirizi ambayo shangazi alimfunga Mjomba mguuni siku ya pili.

Daktari wa Eads, Alphonse Jaminet, alikuwa mtu jasiri. Alishuka mwenyewe, akakaa chini zaidi ya saa mbili na nusu, kisha akatoka, akipita kwenye kijumba kwa muda usiofika dakika nne. Dakika chache. Alifika nyumbani akapooza miguu yote miwili na mkono, akalala akingoja kufa. Alipona. Akasimama na nadharia yake: mwili umechoka kupita kiasi. Akafupisha zamu na kupanga mapumziko, na kweli hali ikawa afadhali, kwa sababu ukikaa muda mfupi unanyonya gesi kidogo. Alikuwa na dawa sahihi kiasi kwa sababu isiyo sahihi, na hiyo ndiyo aina ya kosa gumu kulirekebisha, maana linafanya kazi.

Mwaka uliofuata wa vifo ulihamia New York. Daraja la Brooklyn. Daktari pale alikuwa Andrew Smith, na ndiye aliyeupa ugonjwa jina la ugonjwa wa kesoni. Aliandika wagonjwa 110. Watatu walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliumia mwenyewe mwaka 1872 hivi kwamba hakuweza tena kusimamia kazi kwa miguu yake. Mkewe Emily ndiye aliyekuwa akipeleka maagizo hadi daraja likafunguliwa Mei 1883. Roebling pia ndiye aliyeamua nguzo ya upande wa Manhattan isimame juu ya mchanga, mita 24 hivi chini, badala ya kuwaua watu wengine kwa kuutafuta mwamba. Daraja bado limesimama juu ya mchanga huo.

Lakini anayenisumbua usiku ni Smith. Katika ripoti yake alieleza chombo: bomba la chuma, refu la kumtosha mtu kulala, lenye mlango upande mmoja, ambalo mgonjwa angeingizwa, hewa ikaongezwa, kisha ikapunguzwa polepole sana. Alilichora kwa maneno hadi vipimo. Hakulijenga. Chuma kilikuwepo, wahandisi walikuwepo, kompresa zilikuwa zinanguruma mita chache tu kutoka kitandani kwa mgonjwa.

Mwaka 1878 Paul Bert huko Ufaransa alimaliza ubishi kwa kitabu kinene kuhusu presha ya hewa. Si baridi. Si uchovu. Chini ya presha, naitrojeni ya hewa inayeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili. Ukitoka haraka, inarudi kuwa gesi pale pale ilipo, kama soda iliyofunguliwa: kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, kwenye mapafu. Bert pia alionyesha kwamba oksijeni ikizidi presha fulani inamtia kiumbe degedege. Kwa hivyo alitupa dawa na kipimo cha sumu yake ndani ya kitabu kimoja.

Aliyejenga bomba la Smith ni Ernest Moir, mhandisi, si daktari. Mwaka 1889 alikuta handaki chini ya mto Hudson likiua watu kwa kiwango ambacho, kwa hesabu yake, kilikuwa robo ya wafanyakazi kwa mwaka. Akaweka chumba cha chuma chenye vitanda juu ya shimo. Mgonjwa anarudishwa kwenye presha, kisha anashushwa taratibu. Kwa miezi 15 iliyofuata, katika watu 120, walikufa wawili. Ndiyo hiyo chemba ya tiba, ya kwanza kufanya kazi yake kweli. Halafu 1908, John Scott Haldane na wenzake wakatoa jedwali za kupanda kwa hatua: panda, simama, ngoja, panda tena. Walizipata kwa kuwaweka mbuzi kwenye chemba na kuangalia nani anatoka akichechemea. Mbuzi wamefanya mengi zaidi ya nyama choma.

Kuna kipande cha katikati ambacho nitakipita haraka, ingawa kinachekesha. Orval Cunningham, daktari wa Marekani, aliamini hewa iliyobanwa inatibu karibu kila kitu, kuanzia kisukari hadi kansa, na mwaka 1928 tajiri mmoja akamjengea huko Cleveland tufe la chuma la ghorofa tano, hospitali ya mviringo yenye madirisha kama ya meli. Wenzake wakamwambia alete ushahidi. Hakuleta. Tufe likakatwakatwa kuwa chuma chakavu wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Heshima ya chemba ilirudi Amsterdam, pale Ite Boerema mwaka 1960 alipoonyesha kwamba nguruwe walioondolewa karibu chembe zote nyekundu za damu wanaweza kuishi wakipumua oksijeni chini ya atmosfia tatu, kwa sababu oksijeni inayeyuka moja kwa moja kwenye maji ya damu.

Sasa turudi ndani ya chemba ya leo. Tiba ya kawaida ya mzamiaji aliyepooza ni kumpeleka kwenye presha ya mita 18, atmosfia 2.8, apumue oksijeni kwa vipindi, na kumpandisha polepole; yote inachukua karibu saa tano. Ndani ya mwili wake sheria inayotawala ni ya Boyle peke yake, kwa sababu mwili haubadiliki joto: unabaki nyuzi 37 iwe chini iwe juu. Kiputo kinabanwa hadi karibu theluthi ya ujazo wake. Lakini upana wake unapungua kidogo tu, unabaki kama sehemu saba kwa kumi, kwa hivyo kubana hakutoshi. Oksijeni ndiyo inayoivuta naitrojeni itoke.

Nje ya ngozi yake, ndani ya chumba, anatawala Amontons na ule mwendo. Hewa ikiingia, joto linapanda. Kama lisingekuwa na pa kutokea, kubana hewa ya nyuzi 27 mara moja hadi atmosfia 2.8 kungeifikisha karibu nyuzi 130. Kuta za chuma zinalinyonya, mhudumu anaingiza polepole na kupitisha hewa, kwa hivyo unatoka jasho tu. Kisha vali zinafungwa, chumba kinaanza kupoa, na mshale wa geji unashuka. Toka nyuzi 32 hadi 25, presha ya 2.8 inakuwa 2.74. Ni kama mgonjwa amepanda zaidi ya nusu mita bila mtu kugusa chochote. Mhudumu mgeni atatafuta mahali panapovuja. Mzoefu anaongeza hewa kidogo, anangoja. Wakati wa kupandisha, ukungu ule ule wa St. Louis unatokea, na mgonjwa anapewa blanketi.

Na kuna upande wa moto. Mshumaa wa Eads ulikuwa onyo. Fungua vali ya oksijeni ghafla, gesi inajigonga kwenye kona ya bomba, inabanwa kwa kasi, inapata moto wa kutosha kuwasha mpira au chembe ya grisi; dizeli kabisa. Ndiyo maana vali hizo zinafunguliwa taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Oktoba 1997, katika chemba moja huko Milan, kifaa kidogo cha kupashia mikono ambacho mgonjwa aliingia nacho kilileta moto. Walikufa watu 11, wagonjwa kumi na muuguzi wao. Kifaa cha kupasha mikono joto.

Nikidhani nimemaliza kuwacheka waliolaumu baridi, nikakutana na utafiti wa jeshi la wanamaji la Marekani wa 2007. Waliwazamisha wapiga mbizi wa kujitolea kwenye chemba yenye maji, wakabadilisha joto la maji. Waliokaa kwenye joto huko chini na kwenye baridi wakati wa kupanda waliugua zaidi, kwa tofauti kubwa, kuliko waliopata kinyume chake. Joto linafungua mishipa, gesi inaingia kwa wingi. Baridi inaifunga, gesi inakosa njia ya kutokea. Kwa hivyo Jaminet na wenzake hawakuwa wajinga. Waliona msaidizi wa muuaji wakadhani ndiye muuaji.

Mjomba alikaa siku tatu nyumbani akikandwa maji ya moto kwa ushauri wangu. Siku ya nne alipelekwa hospitali, wakaandika kiharusi. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa amezamia, naye hakusema. Habari za chemba hazikutajwa na mtu yeyote, mimi nikiwa wa kwanza. Leo anatembea kwa mkongojo, mguu wa kushoto unaburuta, na anauza mitumba ya watoto mbele ya nyumba.

Desemba iliyopita nilienda kumwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwenye matatu kutoka Likoni hadi kwake, nikipanga maneno: kwamba nilimwambia vibaya, kwamba wakati ule nilikuwa hata si mwanafunzi tena. Nilimkuta uani na mtungi wake wa zamani. Mnunuzi alikuwa anakuja kuuangalia jioni, kwa hivyo asubuhi alikuwa ameufunga geji. Nikayasema yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza. Akaniambia shangazi alijua habari ya chuo tangu mwaka wa kwanza, na nikae chini, jua ni kali.

Kisha akanionyesha geji. "Asubuhi ilisema 80," akasema. "Angalia sasa." Mtungi ulikuwa umeshinda juani. Ilikuwa imefika 85. "Hewa imerudi, Enjinia."

Nikamweleza. Nilichora mchangani, 300 na 318, nikamweleza habari ya yule kiziwi wa Ufaransa, na jinsi mtungi unavyokuwa moto ukijazwa na kupoa ukifika baharini. Akauliza mara mbili kuhusu ile 186, akitaka kuhakikisha.

"Kwa hivyo yule kijana wa kompresa hakutuibia."

"Hakuwaibia, Mjomba."

Akanyamaza kwa muda, akiusukuma mtungi kwa ncha ya mkongojo mpaka ukaingia kivulini.

"Tulimpiga," akasema. "Unajua tulimpiga yule kijana?"